Siku Kata Yetu Ilipotaka Kukatwa

Karani wa kata yetu tulimwita Bi Koma, na jina hilo alijipatia siku yake ya kwanza kazini. Shuleni alikuwa amezoeshwa imla ya kusomewa kila kitu, hadi alama za uandishi. Basi aliposimamishwa mbele ya baraza asome muhtasari wa kikao kilichopita, akasoma vilevile alivyofundishwa: "Mkutano ulifunguliwa saa nne asubuhi, koma, mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe, koma..." Babu mmoja wa viti vya nyuma, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumgomea, akauliza kwa ukali ni nani huyo anayeambiwa akome. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kufikia jioni hata mama mkwe wake alikuwa anamwita Bi Koma, naye hakununa. Alisema afadhali kuitwa koma kuliko kuitwa alama ya kuuliza.

Hakuwa amesomea ukarani. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilipakana na ofisi ya kata, na katikati palikuwa na mlango usio na kitasa, uliozuiwa kwa tofali. Karani wa zamani alikuwa baba mkwe wake, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu, mzee akawa analisukuma lile tofali kwa mguu na kuita, "Mkwe wangu, hebu njoo unisomee, huyu mtu anasemaje?" Bi Koma aliacha kola ya shati chini ya sindano, akasoma barua, akarudi kwenye kola. Baadaye akawa anaandika na majibu. Mzee alipostaafu, baraza liligundua kwamba kwa miaka mitatu limekuwa na karani ambaye halijamwajiri. Likamwajiri.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Asubuhi ofisini, mchana kwenye cherehani, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja. Ukienda kuomba barua ya utambulisho ulimkuta na pini midomoni, anakuonyesha kiti kwa kidole. Kabati la chuma la ofisi lilikuwa na droo ya pili inayofunguka tu ukiisukuma kwa goti huku ukiivuta kwa mkono, na yeye pekee ndiye aliyejua kulifanya hilo bila kujiumiza. Mle ndani mlikuwa na kata nzima: nani anaishi wapi, nani kahama, shamba la nani linaishia kwenye mti gani.

Bahasha ya Tume ya Mipaka ilifika siku ya Jumanne. Ilikuwa na kurasa tatu na ramani iliyokunjwa mara nane. Bi Koma aliitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, akaizuia pembeni kwa mikasi na pasi, akasoma.

Habari yenyewe haikuwa ngumu. Kata yetu ilikuwa imejaa watu, na kata jirani, ile ya mjini, ilikuwa imepungua. Sisi na wao kila mmoja alichagua diwani mmoja. Kwa hiyo, Tume ilisema, kura ya mtu wa mjini ilikuwa na uzito zaidi kuliko ya mtu wa kwetu, na hilo si haki. Dawa yake ilikuwa kuhamisha wapigakura kama mia tatu kutoka kwetu kwenda kwao. Mstari mwekundu ulifuata kijito kinachopita katikati yetu. Kaya zote mia moja na kumi na mbili za ng'ambo ya kijito zingekuwa za mjini. Mwenye maoni ayatoe ndani ya siku arobaini.

Mwenyekiti wa baraza aliingia kabla hajamaliza kusoma mara ya pili. Alikuwa mwenye mashine ya kupasulia mbao, mtu mnene wa sauti, maana alikuwa amezoea kuongea juu ya kelele za msumeno na hakuwahi kupunguza hata alipokuwa chumbani. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye nyusi zake.

"Nimesikia," alinguruma. "Wanataka kutukata kama ubao. Andika sasa hivi: wananchi wote wa kata hii, kwa kauli moja, tunapinga. Nitie sahihi nirudi kazini."

"Wote ni kina nani, Mwenyekiti?"

"Wote ni wote! Unataka nikuhesabie?"

"La, nitahesabu mwenyewe," Bi Koma alisema, akatoa pini mdomoni. "Siku arobaini ni nyingi. Nipe mbili za kwanza za kila wiki nivuke niwaulize wanaohamishwa."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeambiwa apime ubao ambao ameshaukata. "Haya nenda. Lakini nakuambia mapema, barua itakuwa ile ile."

Bi Koma alikuwa na sababu ya kuuliza, na hakumwambia. Dada yake mkubwa aliishi ng'ambo.

*

Ili uvuke kwenda ng'ambo ulipita kwenye daraja la mbao la watembea kwa miguu. Mvua zikinyesha sana, maji yalipita juu yake kwa siku tatu au nne, na watu wa kule wakawa wamefungiwa. Bi Koma alivuka akiwa na daftari, kalamu mbili na viatu vyake vya raba. Alianza nyumba ya kwanza baada ya daraja, akaendelea hivyo hivyo, hakuruka mlango hata mmoja.

Alichokitegemea hakukikuta. Mfuga nyuki wa nyumba ya tatu alisema yeye habanduki, baba yake na babu yake wameandikwa kwenye daftari la kata hii na yeye ataandikwa humo humo. Jirani yake wa ukuta mmoja, mshona viatu, akasema kwa upande wake wangemhamisha hata leo. "Mjini kuna bomba, kuna taa za barabarani. Hapa tuna nini zaidi ya hilo daraja la kuzama kila mvua?" Mke wa mshona viatu akamkatiza palepale, kwamba yeye hakubali, zahanati anayoijua iko kata hii na mkunga anayemwamini yuko kata hii. "Sasa niandikeje?" Bi Koma akauliza. "Andika tumegombana," mke akasema. Akaandika kila mmoja peke yake, akaweka alama kwamba kaya hiyo itahesabiwa baadaye, wakishapatana.

Nyumba ya dada yake ilikuwa ya hamsini na kitu. Aliikaribia kwa hatua fupi. Dada alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo, na hakunyanyuka.

"Umekuja kama mdogo wangu au kama karani?"

"Nimekuja kwa miguu, dada. Nipe maji kwanza."

Dada akampa maji, kisha akasema, "Hayo unayokunywa nimeyabeba mwenyewe kichwani asubuhi, dakika arobaini kwenda na kurudi. Umeyaonja? Basi andika hayo kwenye daftari lako. Mimi naenda mjini."

"Mjini hawajasema watakuletea bomba."

"Na ninyi je, mmesema? Baraza lenu lina wajumbe saba. Wangapi wanatoka huku? Hata mmoja. Miaka yote hii hata mmoja. Mnatukumbuka mkitaka kura, mkishazipata mnakunja mkeka. Leo mwingine katutaka, ndipo mnakuja mbio na daftari. Mwanamke akiposwa ndipo jirani anaona kumbe alikuwa mzuri!"

Walikuwa wamelelewa kwenye kitanda kimoja, na dada alijua pa kugusa. Bi Koma angeweza kujibu mengi, kwamba si yeye anayepanga bajeti, kwamba ameandika barua sita kuhusu hilo bomba kwa mkono wake. Badala yake alifungua daftari, akaandika maneno ya dada yake neno kwa neno, hata lile la kuposwa, akamsomea.

"Umeyaandika kweli?" Dada alishangaa. Aliweka ungo chini.

"Ndiyo kazi yangu. Sasa nijibu swali moja. Ukihamia mjini, kituo chako cha kupigia kura kitakuwa shule ya pembezoni mwa mji. Ramani yao inaonyesha barabara kutoka hapa hadi pale, kilomita tatu, nyuma ya machimbo ya kokoto. Unaijua?"

"Si ile ya zamani? Nilipita nilipokuwa mchumba."

"Mimi sijawahi. Twende tukaione."

"Leo?"

"Mchele hautatoroka."

Dada alicheka bila kupenda, akajifunga kitenge, wakatoka. Walipita mashamba, wakapita kwenye vichaka, na njia ikawa inazidi kuwa nyembamba. Wakawa wanatembea mmoja nyuma ya mwingine kama walivyokuwa wakienda shule, mkubwa mbele. Baada ya nusu saa hivi dada alisimama ghafla, mdogo wake akamgonga mgongoni.

Barabara ilikuwa imeisha. Machimbo yalikuwa yameila. Mbele yao palikuwa na shimo upana wa uwanja wa mpira, kingo zake zimekatwa wima, na chini kulikuwa na maji ya kijani yaliyotuama. Upande wa pili, mbali kule, waliona barabara ikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mungu wangu," dada alisema. "Hili limechimbwa lini?"

"Ramani yao hailijui."

Walitafuta njia ya kuzunguka. Upande mmoja kulikuwa na seng'enge ya kampuni ya machimbo, upande mwingine mwamba. Njia pekee iliyobaki ya kwenda kwenye ile shule ilikuwa kurudi nyumbani, kuvuka daraja, kupita mbele ya ofisi ya kata yetu na kufuata barabara kuu hadi mjini. Bi Koma aliitazama saa yake, akapiga hesabu ya mwendo. Saa mbili na robo kwenda, na hizo ni kwa mtu mwenye magoti mazima.

"Kwa hiyo nitapita kwenye mlango wako nikienda kupiga kura ya watu wengine," dada alisema.

"Nitakupungia mkono kutoka dirishani."

Dada hakucheka safari hii. Alikaa juu ya jiwe, akavua kiatu, akakung'uta changarawe. Kisha akasema polepole, "Bado nataka bomba. Usifikiri umenigeuza kwa shimo. Lakini liandike hilo shimo, na mimi niandike vilevile nilivyosema. Vyote viwili."

"Vyote viwili," Bi Koma akakubali.

*

Alimaliza kaya za ng'ambo wiki ya nne. Kaya sitini na moja zilitaka kubaki. Thelathini na nane zilitaka kwenda mjini. Kumi na tatu ama hazikuwa na maoni ama hazikukutwa nyumbani mara tatu mfululizo. Yule mshona viatu na mkewe walipatana kubaki, kwa sharti ambalo walikataa kumwambia.

Mkutano wa kata ulifanyika kwenye ghala la mazao, kwa kuwa ofisi isingetosha. Watu walikaa juu ya magunia na mabenchi ya shule. Bi Koma alisoma matokeo, akasoma na sababu za kila upande. Akasoma pia kwamba kati ya wajumbe saba hakuna hata mmoja wa ng'ambo.

Mwenyekiti alikuwa mwekundu wa macho. "Karani, umewapa silaha! Tume ikiona watu thelathini na nane wanataka kwenda, itasema basi, wapelekwe wote!"

"Kaya thelathini na nane, Mwenyekiti, si watu."

"Ndiyo kabisa, umezidi kuharibu!"

Zogo likazuka. Aliyelituliza alikuwa dereva wa trekta, mwanamke mfupi mwenye kofia ya plastiki ambaye kwa kawaida alikuja kwenye mikutano kwa ajili ya kivuli. Alisimama juu ya benchi ili aonekane.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Tume inataka watu mia tatu. Imesema lazima wawe wa ng'ambo?"

Bi Koma alipekua zile kurasa. "Haijasema lazima. Imependekeza."

"Basi sisi wa nyumba za reli mbona hatuulizwi?"

Nyumba za reli zilikuwa safu sita za nyumba za matofali mekundu, zilizojengwa zamani kwa wafanyakazi wa treni, upande wa mashariki wa kata, kandokando ya barabara kuu. Ukitoka pale, mjini ulifika kwa dakika kumi na tano. Watoto wa pale walisoma mjini, wakubwa walifanya kazi mjini. "Sisi hata chumvi tunanunua huko," dereva alisema. "Hapa kwenu tunakuja kuazima ngazi tu. Nichukueni mimi, muwaache hao wenye daraja."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu waliona anasema kweli. Bi Koma alikuwa tayari ameshachukua baiskeli ya mtu aliyekuwa mlangoni bila hata kumwomba vizuri. Alikwenda ofisini, akaipiga ile droo goti, akarudi na daftari la wapigakura. Alihesabu palepale juu ya gunia huku kila mtu amemkodolea macho. Ng'ambo kulikuwa na wapigakura mia mbili na tisini. Nyumba za reli kulikuwa na mia tatu na wanne.

Wakazi wa nyumba za reli waliokuwepo wakaombwa wanyooshe mikono. Karibu wote walinyoosha. Mzee mmoja alikataa, akasema amechoka kuhamishwa, reli ilimhamisha mara nne. Bi Koma akamwandika na yeye. Siku tatu zilizofuata alipita mlango kwa mlango kule pia, asije akaambiwa alihesabu mikono ya waliokuja tu.

Kilichobaki kilikuwa barua, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro wenyewe. Mwenyekiti aliupenda mpango wa nyumba za reli. Asichokipenda ni zile kaya thelathini na nane.

"Toa hiyo aya," alisema, akiwa amesimama kati ya ofisi na chumba cha kushonea, mguu mmoja huku, mwingine kule. "Sema ng'ambo wote wanataka kubaki. Barua itakuwa na nguvu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwenyekiti, nimekaa barazani kwa hao watu. Nimekunywa maji yao. Mmoja wao ni dada yangu wa tumbo moja. Nikiandika 'wote', na yeye akaisoma, nitamwambia alikuwa nani siku ile? Kivuli?"

"Mimi sitii sahihi kitu kinachotuumiza."

"Basi itakwenda bila sahihi, na nitaeleza kwa nini."

Mwenyekiti aliondoka akiubamiza mlango wa nje, na kwa kuwa mlango wa nje ulikuwa na kitasa kibovu, ukafunguka tena nyuma yake. Bi Koma alikaa kwenye cherehani lakini mguu haukukubali kukanyaga. Alikuwa amefanya kazi na mtu yule miaka kumi na moja na hawakuwahi kufikia hapo. Aliogopa. Ukarani haukuwa kazi kubwa lakini ulikuwa wake, na baraza lililompa lingeweza kumnyang'anya kwa mkutano mmoja.

Alasiri alimsomea baba mkwe wake ile rasimu. Mzee sasa hakuona kabisa, alikaa kwenye kiti chake cha kamba karibu na dirisha, mikono juu ya fimbo. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Toa 'kwa unyenyekevu mkubwa'," alisema. "Unyenyekevu wa kawaida unatosha."

"Na hayo mengine, baba?"

"Mengine usiguse."

Kesho yake asubuhi mwenyekiti alikuja akiwa na suruali mkononi. Ilikuwa imechanika kuanzia goti hadi pindo. Aliiweka mezani, akasema msumari wa mashine umeishika. Bi Koma aliigeuza, akaona kwamba haikuwa na dharura yoyote, mtu mwenye suruali nyingine angeweza kukaa mwezi. Akaanza kuishona palepale. Mwenyekiti akakaa kwenye kigoda cha wateja, kidogo kwake, magoti yakamfika kifuani.

"Mama watoto ameniuliza jana," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chumbani. "Kaniuliza, hivi wewe tangu uwe mwenyekiti umevuka lile daraja mara ngapi. Nikamwambia nyingi. Akasema taja." Alijikuna shingo. "Nilifika tatu nikakwama, Bi Koma. Na moja ilikuwa ya msiba."

Cherehani iliendelea kulia. Bi Koma alikata uzi kwa meno, akamkabidhi suruali yake. Mwenyekiti akaikunja vizuri sana, akaiweka pajani.

"Iko wapi hiyo barua?"

Akatia sahihi kurasa zote nne, hata zisizohitaji.

*

Tume ilifanya kikao cha kusikiliza maoni katika ukumbi wa mjini. Kata kumi na moja ziliitwa, na sisi tulikuwa wa tisa, kwa hiyo Bi Koma alikaa tangu asubuhi akisikiliza barua za wenzetu. Zote zilisema wananchi wote. Wote wanapinga, wote wanaunga mkono, kwa kauli moja, kwa sauti moja. Kila ilipofika "wote", ofisa wa Tume, mama mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akageuza ukurasa.

Zamu yetu ilipofika, Bi Koma alisimama akiwa amevaa gauni alilojishonea yeye mwenyewe, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea miwani. Alisoma hesabu. Alisoma kuhusu shimo, upana wake, seng'enge ya kushoto na mwamba wa kulia. Alisoma kuhusu saa mbili na robo. Kisha akasoma kuhusu kaya thelathini na nane na kwa nini, na kuhusu baraza la watu saba.

Ofisa aliinua kichwa. "Subiri kidogo, mama. Hao thelathini na nane, mnasema wana haki kulalamika?"

"Tunasema wamelalamika, na hatukuwa na jibu."

"Yupo mmoja wao hapa?"

Bi Koma alikuwa karibu kusema hapana. Lakini kiti kiliburuzwa nyuma ya ukumbi, na dada yake akasimama. Hakumwambia mtu kwamba anakuja. Vumbi la barabara kuu lilikuwa limempanda hadi kwenye magoti.

"Mimi mmoja wao," alisema. "Nimetembea saa mbili na dakika ishirini na tano. Mdogo wangu amesema na robo, yeye ana miguu mirefu. Nilitaka kuja mjini kwenu, na leo nimekuja, na nimeona ni mbali. Tuacheni tulipo. Lakini mtu wetu awemo kwenye baraza, la sivyo mtanikuta hapa tena mwakani, na nitakuja nimekasirika."

Ukumbi ulipiga makofi, hata kata ambazo hazikutuhusu. Mwenyekiti wetu, kwenye safu ya mbele, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, kwa mikono yake ile ya mbao.

Wiki iliyofuata yule ofisa alikuja mwenyewe na mtu wa kupima ardhi. Dada ndiye aliyewaongoza hadi kwenye shimo. Inasemekana mpima ardhi alisimama pale ukingoni, ramani mkononi, akaigeuza juu chini kuona kama ameishika vibaya.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi minne. Hatukupata kila kitu. Kaya tisa za juu kabisa kule ng'ambo, zilizokuwa upande wa pili wa mwamba, zilikwenda mjini, kwa kuwa kwao ile barabara ilikuwa bado nzima. Nne kati ya hizo zilitaka kubaki, na Bi Koma alizitembelea moja moja kuziambia kabla hazijasikia redioni. Haikuwa siku yake nzuri. Lakini nyumba za reli zilihamia mjini kama zilivyotaka, yule mzee aliyehamishwa na reli akiwamo, akilalamika. Ng'ambo iliyobaki ilikaa kwetu. Na kiti kimoja kati ya vile saba vya baraza kikatengwa kwa ajili yake, kichaguliwe na watu wa kule wenyewe.

Dada aligombea. Mfuga nyuki naye akagombea. Kituo cha kura kiliwekwa ng'ambo kwa mara ya kwanza, kwenye chumba cha darasa la awali, na watu wazima walipiga kura wakiwa wameinama kwenye meza zinazowafika magotini. Mfuga nyuki alimshinda dada kwa kura nne.

"Nne!" dada alisema, akipita ofisini kesho yake. "Mbili ni za mshona viatu na mkewe, nawajua. Hizo mbili nyingine nitazipata tu."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Kikao cha kwanza ni lini?"

Kilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, na kilifanyika ng'ambo, katika darasa lile lile, kwa pendekezo la mwenyekiti. Alikuwa ameshatangulia siku mbili na mafundi wake, wakabadilisha mbao za daraja zote na kuliinua kwa kiasi cha mkono mmoja. Alivuka na wajumbe nyuma yake akiwa amevaa ile suruali, akipiga hatua nzito makusudi, waone kwamba halitikisiki. Ajenda ya kwanza ilikuwa bomba. Mfuga nyuki aliiwasilisha vizuri, kwa sauti ndogo. Wananchi waliruhusiwa kuuliza maswali, na dada, aliyekaa mstari wa mbele na karatasi yake, alikuwa na kumi na manne.

Bi Koma aliandika yote. Alipofika la tisa aliomba dakika moja anyooshe vidole, kisha akamwambia dada yake aendelee.